Nimehamia mtandao mpya na hakuna anayenijibu. Kosa ni langu?

"Naishi Umoja. Kwa miaka sita nimekuwa kwenye kikundi cha mtandaoni cha watu wa Nairobi wanaopanda mboga kwenye magunia na ndoo. Siku hizi kimejaa matangazo ya mikopo na kamari. Ukiuliza habari ya sukuma unajibiwa na mtu anayeuza dawa za nguvu. Mwezi uliopita nikafungua akaunti Mastodon. Nimeposti karibu mara arobaini, picha na maelezo. Nimepata nyota tano na jibu moja la mtu wa Ujerumani. Kule kwa zamani niliandika 'nimehama, nifuateni huku', hakuna aliyekuja. Je, naboesha? Nirudi? Ama nijaribu Bluesky? Bando nalo linaisha haraka, ni huu mtandao? Na akaunti ya zamani niifute?"

Dada, huboeshi. Nyota tano si shida kubwa. Kinachouma ni kwamba kwa miaka sita ulizoea kuweka picha ya jani asubuhi, na kufikia saa nne una majibu kumi ya watu wanaokujua. Sasa unaongea na ukuta. Ukimya huo una sababu ya kimitambo, na wengi hukata tamaa kwa sababu hakuna aliyewaeleza sababu yenyewe. Wanadhani wamekataliwa, kumbe ujumbe haukufika.

Kule ulikotoka, kampuni moja inamiliki kila kitu, na programu yake huamua nani aone nini. Ulipoweka picha ya sukuma yenye wadudu, programu iliwapelekea hata watu wasiokufuata, ikiona huwa wanasimama kwenye picha za namna hiyo. Inafanya hivyo ili wakae zaidi waone matangazo. Ulikuwa unasaidiwa bila kujua, na programu hiyohiyo ndiyo inayokuletea watu wa mikopo.

Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, haina mkono huo. Ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu, kila moja na msimamizi wake na kanuni zake, zinazoongea kwa lugha moja ya kompyuta iitwayo ActivityPub. Fikiria sacco za matatu: kila moja ina magari yake na masharti yake, lakini zote zinapita barabara zilezile. Gari haliendi mtaa ambao hauna abiria. Unapoposti, seva yako hupeleka chapisho kwenye seva zenye wafuasi wako tu. Ukiwa na wafuasi tisa waliotawanyika kwenye seva tatu, chapisho lako linafika seva hizo tatu na hapo ulipo. Kwingine kote halijulikani kwamba lipo. Hata heshitegi hazivuki ukuta huo: mtu wa seva nyingine akitafuta #Magunia ataona tu machapisho ambayo seva yake tayari imeyapokea.

Nyota nazo hazibebi kitu. Mtu akikuwekea nyota wewe unapata taarifa, basi, picha yako haisogei hata hatua moja. Akiisambaza, yaani akibonyeza ile mishale miwili, ndipo inapowafikia wafuasi wake na seva zao. Njia nyingine ya kuvuka ni jibu. Ukimjibu mtu aliye seva nyingine na jina lake likiwemo, jibu lako linapelekwa moja kwa moja kwenye seva yake, na watu wanaosoma mazungumzo yale wanakuona. Kwa hiyo katika mtandao huu kujibu ndiyo nauli. Mtu aliyeposti mara arobaini bila kumjibu yeyote hajatoka nyumbani.

Kabla ya kuposti tena, kagua mambo matatu kwenye mipangilio, maana nashuku angalau moja halijakaa sawa.

La kwanza ni hadhira. Kila chapisho lina ngazi: la umma, la umma wa kimyakimya, la wafuasi tu, na la waliotajwa tu. Wengi huchagua ile ya kimyakimya wakidhani ni adabu ya mgeni. Chapisho la ngazi hiyo halionekani kwenye heshitegi hata uweke ishirini. La kujulisha watu liwe la umma, ngazi nyingine ziache kwa soga za kawaida. La pili ni lugha. Kila chapisho linabeba alama ya lugha, na simu yako ikiwa kwa Kiingereza huenda Kiswahili chako kinatoka na alama ya Kiingereza. Anayechuja apate Kiswahili tu hakuoni, na kitufe cha tafsiri hakimsaidii yule Mjerumani. La tatu limejificha kwenye wasifu wako, sehemu ya faragha: kuna visanduku viwili, kimoja cha kuruhusu wasifu na machapisho yako yapendekezwe kwa wengine, kingine cha kuruhusu machapisho ya umma yaonekane mtu anapotafuta neno. Utafutaji wa maneno ulikuja na toleo la 4.2 mwaka 2023, na unamwonyesha aliyekubali tu. Usipoweka tiki hapo, mtu akiandika "sukuma" hakupati.

Ukiwa hapohapo, kamilisha wasifu. Picha yoyote inayoeleweka, hata ya gunia lako, na sentensi mbili: unapanda nini, wapi, na unapenda kuulizwa nini. Watu wa Mastodon wanaogopa akaunti tupu kwa sababu ndivyo matapeli wanavyokuja. Kila picha iwekee maelezo ya maandishi kwenye nafasi yake: "Sukuma wiki kwenye gunia, majani ya chini yana madoa ya manjano, upande wa chini vidukari vya kijivu." Anayesikiliza simu kwa sababu haoni ataelewa, na kule wapo wengi ambao hawasambazi picha isiyo na maelezo. Heshitegi mbili au tatu zinatosha, na kila neno lianze kwa herufi kubwa, #KilimoChaGunia, ili simu inayosoma kwa sauti isilimeze lote kama neno moja. Weka pia moja ya Kiingereza, kama #Gardening. Si kukiacha Kiswahili, ni kwamba wafuatiliaji wake tayari wapo, nawe unahitaji watu wa kuanza nao.

Sasa geuza kazi. Kwa wiki mbili zijazo, kwa kila chapisho moja la kwako, jibu watu watano. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022 unaweza kufuata heshitegi kama unavyofuata mtu; fuata nne tano za mboga na za Kenya, uwe na pa kusoma kila ukifungua. Na jibu liwe na nyama. "Picha nzuri" inafunga mlango. Akiuliza mtu kwa nini kunde zake zimejikunja, mwambie: "Geuza jani. Ukiona vijidudu vimejazana kwenye mshipa wa kati, ni vidukari. Vioshe jioni kwa maji yenye sabuni kidogo, sehemu ya chini hasa, rudia siku ya tatu. Gunia lako linapata jua saa ngapi?" Swali la mwisho ndilo linalomrudisha. Ukijibiwa, mfuate. Akikufuata, seva yake imeanza kupokea machapisho yako, na njia imefunguka kwa wengine walio pale.

Saa nazo zina maana, kwa sababu huku mambo hupangwa kwa wakati, jipya juu. Ukiposti saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kukimbilia gari, Wazungu wengi wamelala, na wakiamka umeshafunikwa. Saa mbili usiku ya Nairobi ni saa kumi na mbili au saa moja jioni Berlin, kutegemea majira, na New York ni saa sita au saa saba mchana. Hapo Nairobi nayo imeshakula imeshika simu.

Tuje kwa wenzako, maana nadhani hao ndio unaowalilia, si Wajerumani.

Tangazo la "nimehama, nifuateni" karibu kila mara hushindwa, na si kwa sababu watu hawakupendi. Liangalie kwa jicho la mtu wa Kayole aliyekaa kwenye matatu na bando la shilingi ishirini. Unamwomba abonyeze linki, achague seva asiyoijua, afungue barua pepe aliyosahau neno lake la siri, athibitishe, atafute jina lako, halafu akute mahali pana mtu mmoja. Wakati huo kule alipo watu wote wapo. Kila mtu akingoja wengine watangulie, hakuna atakayetoka. Kundi halihami kwa tangazo, linahama kwa vikundi vidogo vinavyoshikana mikono.

Chagua watu watano. Usichukue watano wanaoposti sana, chukua wale ambao mwenzao akiuliza huwa wanajibu. Unawajua: yule wa mbolea ya samadi, yule anayekumbuka nani alipanda nini. Waandikie mmoja mmoja, faraghani, umwambie kila mmoja kwa nini yeye. Halafu waingie seva moja, wewe ukiwemo. Hili nalikazania. Kila seva ina ukurasa wa machapisho ya wenyeji wake tu. Watu sita wa magunia wakiwa seva moja wanaonana hapo bila kufuatana kwanza, na mgeni wa saba akiingia anakuta kuna maisha. Seva nyingine huruhusu wanachama kutengeneza linki ya mwaliko, ambayo inamwondolea mtu kazi ya kuchagua.

Seva yenyewe ichunguze kabla hujawaleta wenzako. Mtu aniambiaye kwamba mtandao huu "hauna mwenyewe" amekosea: kila seva ina mwenyewe, na akichoka au akiishiwa pesa anaweza kuizima. Soma ukurasa wa maelezo: nani anaiendesha, tangu lini, inalipiwa na nani, inamfanya nini mtukanaji. Seva zilizoorodheshwa kwenye tovuti ya joinmastodon zimeahidi mambo kadhaa, yakiwemo kuhifadhi nakala kila siku, kuwa na zaidi ya mtu mmoja mwenye uwezo wa kuingia kwa dharura, na kutoa notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kufunga. Ahadi si dhamana, lakini ni bora kuliko seva ya kijana mmoja asiyejitaja.

Jumamosi moja kutaneni ana kwa ana, mtengenezeane akaunti mkiwa pamoja. Maktaba ya taifa ya Buruburu haiko mbali na kwako, au bustani ya Jeevanjee katikati ya mji kama wengine wanatoka upande wa pili wa mji. Mtu akikwama kwenye uthibitisho wa barua pepe, na watakwama, anasaidiwa palepale. Dakika arobaini za kukaa pamoja zinafanya kazi ambayo mwezi mzima wa kutumiana maelekezo hauwezi. Mkimaliza, kubalianeni siku moja ya wiki, tuseme Jumapili jioni, kila mtu anaweka picha moja ya gunia lake na swali moja. Ratiba ndiyo inayowapa watu sababu ya kurudi kabla hawajazoea.

Usishangae wengi wakinyamaza. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, aliandika kanuni ya kukadiria ambayo bado inafaa: katika kila watu mia mtandaoni, takriban tisini husoma tu, tisa huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa. Kundi lenu la zamani huenda lilikuwa na maelfu, ndiyo maana hukuhisi. Mkiwa sita mtahisi. Ndiyo sababu nasema uanze na wajibuji. Wasomaji watakuja wenyewe, na msiwafukuze kwa kuwaita wapelelezi.

Jambo moja la heshima, na la sheria pia: usichukue namba za simu za wanakikundi ukazimwaga kwenye kundi jipya, wala usihamishe picha na maneno yao bila kuwauliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziona namba hizo kama taarifa za mtu binafsi. Muulize kila mmoja, akikataa amekataa.

Sasa, urudi? Au Bluesky? Bluesky ni rahisi zaidi kuingia. Ilifunguliwa kwa kila mtu bila mwaliko Februari 2024, haina shida ya kuchagua seva, na unaweza kutengeneza kifurushi cha kuanzia chenye hadi akaunti 150 ambacho mgeni anakibonyeza akawafuata wote kwa mara moja. Kwa kuhamisha kikundi hicho ni kifaa kizuri sana. Kuna pia milisho, yaani orodha za machapisho, inayotengenezwa na watumiaji wenyewe, kwa mfano mlisho wa kukusanya kila chapisho lenye neno fulani. Upande wa pili, kampuni moja ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mtandao, chapisho lina herufi 300 tu dhidi ya 500 za kawaida za Mastodon, na orodha ya watu uliowazuia inaweza kuonekana na anayejua kuitafuta. Kama wale watano wako wanasema "hiyo ya seva hapana", nendeni Bluesky bila kujuta. Ubora wa mtandao unapimwa kwa nani atakuwepo.

WhatsApp nayo usiidharau. Kikundi kinabeba watu hadi 1,024, ujumbe umefungwa kwa siri mwanzo hadi mwisho, na kila mtu anayo tayari. Kwa mambo ya "nani ana miche ya terere leo", hakuna kitakachoishinda. Inashindwa kwenye kumbukumbu, kwani jibu zuri la Machi halionekani tena Juni, na kila mwanachama anaona namba yako. Kwangu mimi mpango unaofaa watu wa mji mmoja ni WhatsApp ndogo ya kuitana, na mtandao wa wazi wa kuweka maarifa mahali ambapo mgeni anaweza kuyapata. Kurudi kulikojaa kamari ningekuacha uwe mpango wa mwisho, ila usijione umeshindwa ukichungulia mara moja kwa wiki. Watu wako bado wako huko.

Jipe miezi mitatu. Usihesabu wafuasi. Angalia siku ambapo wenzako wawili watajibizana kuhusu samadi, na wewe hukuwa umesema lolote. Ikifika hiyo, kundi lipo. Miezi mitatu ikiisha na kila mazungumzo bado yanapitia kwako, badilisha mahali au badilisha watu.

Bando: maandishi hayali kitu, picha na video ndizo zinazokula. Zima video zinazojicheza zenyewe. Kwa Android jaribu programu ya Tusky, ni nyepesi na ina chaguo la kutopakua picha mpaka uiguse. Kabla ya kulaumu Mastodon, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uone programu ipi imekula nini mwezi huu.

Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa siri. Msimamizi wa seva yako na wa seva ya mwenzako wanaweza kuusoma. Namba ya kitambulisho, mahali unapoishi hasa, na chochote cha M-Pesa visipite hapo. Mtu akikutisha au kukudai pesa ili asisambaze picha yako, usimlipe na usifute. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na anwani ya chapisho, mripoti kwa msimamizi, kisha nenda kituo cha polisi mwenyewe uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Hapo ushauri wa mtandaoni hautoshi.

Na kama kikundi kile ndicho kilikuwa watu wako pekee, na tangu ukiache huli vizuri, hulali, huoni maana ya kumwagilia hata hilo gunia, zikipita wiki mbili hivyo zungumza na mtu wa ana kwa ana: mshauri nasaha wa hospitali ya karibu, kiongozi wako wa dini unayemwamini, au piga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ni bure.

Akaunti ya zamani usiifute bado. Kwanza pakua nakala ya data zako, kwa sababu picha za miaka sita na majibu uliyopewa hayatakufuata. Kisha bandika juu kabisa chapisho moja linalosema uko wapi sasa na mtu akuandikie vipi akitaka kusaidiwa kuingia. Iache hivyo mpaka miezi mitatu iishe. Ukiamua baadaye kubadili seva ndani ya Mastodon yenyewe, fungua akaunti mpya, kwenye hiyo mpya taja akaunti yako ya zamani ni ipi, halafu urudi kwenye ile ya zamani uagize uhamisho. Wafuasi watahama wenyewe, orodha ya unaowafuata utaipakua kama faili na kuipandisha upya, ila machapisho yatabaki kule yalikoandikwa. Ukishahama, itabidi usubiri siku thelathini kabla ya kuhama tena, kwa hiyo hakikisha wale watano wameipenda seva kwanza.